Kinyago na Mwenyeji: Daniel Ndambuki na Kiswahili cha Futuhi za Televisheni

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili anapotaka kuzungumza juu ya futuhi, mkono wake huenda kwenye rafu ya tamthilia zilizochapishwa, na huko hapati mengi. Tanzia na tamthilia za mapambano ya kijamii ndizo zilizotawala uandishi tangu miaka ya 1970, na kicheko kimebaki kuwa kitoweo cha kuutia ladha mlo wa watu wenye mambo mazito. Wakati huohuo, katika sebule za Kenya, watu wamecheka kwa Kiswahili juma baada ya juma kwa miongo kadhaa, mbele ya televisheni, wakiwatazama mafanani ambao hawajaandikiwa kurasa nyingi katika majarida ya taaluma. Huenda kisa ni kwamba Kiswahili chao si sanifu. Kama ndivyo, basi ni kisa dhaifu, maana lugha isiyo sanifu ndiyo hasa malighafi ya sanaa yenyewe.

Daniel Ndambuki, ajulikanaye zaidi kwa jina la jukwaani la Churchill, anastahili kuchunguzwa kwa sababu amefanya kazi mbili ambazo mara chache hukutana katika mtu mmoja. Redioni alimuumba mhusika, Mwalimu King'ang'i, mwenye sauti, tabia na itikadi yake. Katika televisheni aliumba kipindi kizima, kilichoanza kwa jina la Churchill Live katika stesheni ya NTV mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii na baadaye kikaitwa Churchill Show. Swali linalozaliwa na kazi hizo mbili si dogo: kwa nini mhusika aliyekamilika hivyo hakupewa kiti cha mbele katika kipindi ambacho muumba wake alikimiliki? Kwa hakika, uamuzi wa kumwacha nje mwalimu huyo ulikuwa na uzito kuliko vichekesho vyenyewe, na umeathiri namna ya Kiswahili kilichosikika katika futuhi za Kenya tangu wakati huo.

Ili kuupima uamuzi huo, yafaa kurudi nyuma kwa Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015. Wakenya wengi hawakumfahamu kwa jina hilo. Walimfahamu kama Mzee Ojwang, kinara wa Vitimbi, kipindi cha Sauti ya Kenya, shirika lililobadilishwa kuwa KBC mwaka 1989. Wanjau alikuwa Mgikuyu. Ojwang alikuwa Mluo, katika jina, katika mwenendo, na zaidi ya yote katika ulimi. Kando yake alikuwapo Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, naye pia hakuwa Mluo bali mtu wa jamii ya Waluhya. Kwa hivyo nyumba ya Waluo iliyokuwa maarufu kuliko zote nchini ilikaliwa na watu wasio Waluo, nao walizungumza Kiswahili.

Ufundi wa jambo hili haujathaminiwa ipasavyo. Dholuo haina sauti ya sh wala ya z, na kwa hiyo msemaji wake anapokipokea Kiswahili ukubwani, shamba huelekea kuwa samba na mzee kuwa msee. Kigikuyu kina mitego ya namna nyingine, hasa ule wa l na r, sauti ambazo Dholuo huzitenganisha bila taabu. Maana yake ni kwamba Mgikuyu anayeigiza lafudhi ya Mluo hana budi kujifunza kukosea pale ambapo lugha yake haimkoseshi, na kutokosea pale ambapo lugha yake ingemkosesha. Kazi hiyo hudai sikio la mwanaisimu. Lafudhi ya Ojwang ilikuwa kinyago kwa maana kamili ya neno: kitu kilichochongwa, kikavaliwa, na kikaweza kuvuliwa.

Kinyago hicho kilivaliwa ndani ya kisa. Vitimbi kilikuwa mchezo wa hali na matukio: kulikuwa na mume mwenye tamaa na hila, mke aliyemzidi akili, majirani, wageni na aibu ya mwisho. Mtazamaji hakucheka kwa sababu mtu alisema samba. Alicheka kwa sababu mtu aliyesema samba alikuwa amejiingiza mtegoni, na ulimi wake ulizidi kuteleza kadiri mtego ulivyombana. Lafudhi ilikuwa mtumishi wa tabia. Na Kiswahili, pamoja na makovu yake yote, ndicho kilichobeba mazungumzo tangu mwanzo wa kisa hadi mwisho. Mtoto wa Nyeri, wa Kisumu au wa Kitui, aliyemsikiliza Mzee Ojwang kwa miaka kumi, alikuwa amesikiliza Kiswahili kwa miaka kumi.

Kati ya Ojwang na Churchill wapo Redykyulass, vijana watatu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, Walter Mong'are, John Kiarie na Tony Njuguna, ambao mwishoni mwa miaka ya 1990 walimwigiza hadharani Rais Daniel arap Moi akiwa bado madarakani. Mengi yamekwisha kusemwa juu ya ujasiri wao. Kwa makala haya linatosha jambo moja. Redykyulass waliiondoa lafudhi nyumbani wakaipeleka Ikulu. Hapo awali mwenye ulimi mzito alikuwa mnyonge anayechekwa na waliosoma, lakini sasa aliyechekwa kwa ulimi wake alikuwa mkuu wa nchi. Mchekeshaji yeyote wa Kenya aliyekuja baada yao alikuwa na njia mbili za kurithi, ile ya Ojwang na ile ya vijana hao. Ndambuki alizifahamu zote mbili.

Mwalimu King'ang'i alisikika kwa zaidi ya miaka kumi katika kipindi cha asubuhi cha Classic 105, akiwa pamoja na Maina Kageni. Jina lenyewe limejaa nazali ya ng', na msikilizaji humtambua mwenye jina kabla hajasema neno. Lafudhi ni ya Mkamba, na hapa, tofauti na Wanjau, mchekeshaji ametoka katika jamii anayoiigiza. Kikamba hakina r ya Kiswahili, na vipasuo vyake vya ghuna hupenda kutanguliwa na nazali, hivi kwamba gari huelekea kuwa ngali. Hata hivyo, si fonolojia iliyomfanya King'ang'i kuwa mhusika wa kukumbukwa. Ni kazi aliyopewa.

King'ang'i ni mwalimu. Katika Kenya ya vijijini mwalimu ndiye mlinzi wa usemi sahihi: ndiye aliyewachapa watoto kwa kusema ngali. Kumfanya mwenye fimbo hiyo awe ndiye mwenye kosa ni kejeli iliyokwenda ndani sana, wala haikuhitaji kufafanuliwa redioni, kwa kuwa kila msikilizaji aliyepitia shule ya msingi aliielewa mgongoni mwake. Tena mwalimu huyu hakuzungumza juu ya sarufi. Alizungumza juu ya ndoa. Mada za kila asubuhi zilihusu usaliti, mahari, fedha za nyumbani, na wake na waume wanaofichana mambo, na katika mabishano hayo Kageni aghalabu aliwatetea wanawake ilhali King'ang'i aliwatetea wanaume kwa hoja za mtu ambaye dunia ilibadilika akiwa darasani.

Hapa ndipo kinyago kinapoleta utata unaostahili kutazamwa bila huruma. Ikiwa kauli ya kumdunisha mwanamke imetoka kinywani mwa King'ang'i, nani aliyeisema? Mchekeshaji anaweza kudai kwamba anamfichua mfumadume mkongwe ili achekwe. Lakini wapiga simu wengi walimpigia ili kumuunga mkono, na walizungumza kwa dhati. Kinyago cha Ojwang kilikuwa na kisa cha kumwadhibu: mwisho wa kipindi tamaa yake ilimrudia. King'ang'i hakuwa na kisa. Alikuwa na mada, na mada haina mwisho unaomwaibisha mtu, maana kesho yake huja nyingine. Tashtiti isiyo na adhabu hukaribia sana kuwa utetezi wa kile kinachotashtitiwa. Hilo ni doa katika kazi hiyo, na umaarufu wake hauliondoi. Pamoja na doa hilo, King'ang'i anabaki kuwa kiumbe wa kifasihi, mwenye umri, kazi, kabila, msimamo na namna yake mwenyewe ya kujenga sentensi. Wahusika wa namna hiyo hawako wengi, hata katika riwaya zinazotahiniwa shuleni.

Churchill Live ilipoanza kurekodiwa katika ukumbi wa Carnivore jijini Nairobi, aliyetoka mbele ya hadhira hakuwa mwalimu huyo. Alikuwa kijana nadhifu, mchangamfu, mwenye jina la Mwingereza na Kiswahili cha mjini kilichochanganywa na Kiingereza. Alisalimu, akataniana na waliokaa mbele, kisha akamkaribisha mwingine jukwaani. Ndambuki aliamua kuwa mwenyeji. Katika mapokeo ya fasihi simulizi mtu huyu anafahamika vizuri: ni yule anayeanzisha wimbo ngomani kisha akasogea pembeni ili duara liingiwe na wengine. Sifa yake haipimwi kwa uchezaji wake bali kwa ngoma ilivyokolea.

Na ngoma ilikolea. Kabla ya hapo, njia ya kuwa mchekeshaji wa televisheni ilikuwa nyembamba mno: ama mtu aingie katika kikundi cha waigizaji wa shirika la taifa, ama awe na marafiki wa chuoni na bahati nyingi. Churchill aliweka ngazi. Palikuwa na usaili, palikuwa na Churchill Raw kwa wale ambao bado hawajaiva, na palikuwa na jukwaa kuu lililoonyeshwa nchi nzima Jumapili usiku. Waliopanda ngazi hiyo ni wengi: Eric Omondi, MC Jessy, Teacher Wanjiku, Jemutai, Mammito na wenzao. Kipindi kilisafiri pia hadi miji ya nje ya Nairobi, na hadhira za huko zikajiona katika televisheni. Hapana shaka kwamba hakuna Mkenya mwingine wa kizazi chake aliyewafungulia mlango wachekeshaji wengi kiasi hicho, na anayeupuuza ukweli huo kwa sababu hapendi vichekesho vya makabila hajaifanya kazi ya mhakiki.

Lakini mlango una umbo lake, na umbo la mlango huamua mzigo utakaopita. Kila mgeni wa jukwaa alipewa dakika chache, akiwa peke yake, bila mandhari wala mwenzake wa kujibizana naye. Katika muda huo hana budi kujitambulisha, kuchekesha na kukumbukwa. Njia fupi kuliko zote ni kusema alikotoka. Ndiyo sababu simulizi nyingi za jukwaa hilo zilifunguliwa kwa kabila: sisi Wameru tuko hivi, ninyi Wakikuyu mko vile, Mluo akipata fedha hufanya hivi. MC Jessy alikuja na Umeru wake, Jemutai na Ukalenjin wake, Teacher Wanjiku na ulimi wa mwalimu wa Kigikuyu. Huyu wa mwisho anafurahisha kumtazama mhakiki, kwa kuwa ndani yake mwalimu aliyeachwa redioni aliingia tena kwa mlango wa nyuma, safari hii akiwa mwanamke, na miongoni mwa wenzake wa jukwaa ndiye aliyekaribia zaidi kuwa na kisa.

Tofauti na zama za Vitimbi iko hapa. Wanjau alikivaa kinyago cha watu wengine. Katika Churchill Show kila mmoja alikuja na uso wa kwao. Lafudhi haikuwa tena kitu kilichochongwa. Iligeuka kitambulisho, kama kile cha kipande kinachoonyeshwa mlangoni. Ipo hoja nzito ya kuitetea hali hiyo. Kipindi kilizaliwa katika miaka iliyofuata ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo kwa hesabu ya tume ya Jaji Waki ziliua watu 1,133. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha sheria ya uwiano na utangamano wa kitaifa, ambayo ndani yake matamshi ya chuki ya kikabila ni kosa la jinai. Katika hali hiyo Mgikuyu aliyesimama jukwaani na kumwiga Mluo angaliweza kusikika vibaya, hata kama nia yake ni safi. Kila mtu kujicheka mwenyewe kulikuwa usalama, na pengine kulikuwa pia tiba: watu waliokuwa wameogopana waliketi katika ukumbi mmoja wakacheka pamoja.

Hata hivyo, neno utani, linalotumiwa kuyahalalisha mambo haya, linatumiwa ovyo. Utani wa asili, kama ule wa Wazaramo na Wanyamwezi huko Tanzania, ni mkataba. Mtani ana haki ya kutukana, na pia ana wajibu: msiba unapotokea, huyohuyo mwenye kejeli ndiye anayefanya kazi za mazishi na kuwaliwaza wafiwa. Kicheko hulipiwa kwa jasho. Katika jukwaa la televisheni hakuna anayewiwa na mwenzake. Mluo anayesemwa kuwa na majivuno na Mgikuyu anayesemwa kuwa mpenda fedha hawadaiani chochote usiku huo utakapokwisha, na kila mmoja hurudi nyumbani na picha ileile ya mwenzake aliyokuja nayo, ila sasa imepigiwa makofi. Hilo si chuki. Lakini si utani pia, na anayeliita utani analikopa jina bila deni lake.

Urithi wa Redykyulass nao ulibadilika mikononi mwa mwenyeji. Wanasiasa walianza kukaribishwa katika kipindi, wakakalishwa kitini, wakaulizwa maswali ya uungwana na kuombwa wacheke. Mswahili hamtukani mgeni aliyekula chakula chake. Adabu hiyo, iliyo nzuri sebuleni, iliifunga mikono kejeli ya kisiasa. Mtawala aliyekuwa kichekesho akawa mgeni wa vichekesho, na aliyefaidika zaidi katika mabadiliko hayo hakuwa mchekeshaji.

Limebaki suala la lugha yenyewe. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na ingetarajiwa kwamba kipindi cha Kenya kilichopendwa namna hii kingekuwa kielelezo cha hadhi hiyo mpya. Kwa namna moja kilikuwa. Kiswahili kilisikika kila wakati, na bila hicho mtu wa Meru asingeweza kumchekesha mtu wa Kisumu. Lakini ukichunguza muundo wa simulizi za jukwaa hilo, utaona aghalabu kwamba Kiswahili hupewa kazi ya kubeba mzigo hadi karibu na mlango, na pale kicheko kinapotakiwa kulipuka, msimulizi huruka akaingia katika Kiingereza, Sheng au neno la lugha ya mama. Kiswahili ni barabara, si nyumba. Chege Githiora, katika kitabu chake cha 2018, ameitazama Sheng kuwa Kiswahili cha wananchi wa Kenya na si uharibifu wa lugha, na kwa mtazamo huo malalamiko haya yanapungua nguvu. Yanapungua, ila hayaishi. Ikiwa Sheng ni Kiswahili, basi kilele cha kichekesho kikisemwa kwa Sheng kimesemwa kwa Kiswahili, na hapo hakuna ugomvi. Kinachobaki ni kule kuruka kwenda Kiingereza, ambako mara nyingi hutokea pale msimulizi anapotaka kuonyesha kwamba yeye si yule mshamba anayemwigiza. Kinyago kinavuliwa katikati ya mchezo ili hadhira ione kwamba aliyekivaa amesoma. Mzee Ojwang hakufanya hivyo hata mara moja.

Aliyepata hasara kubwa zaidi ni msemaji wa Kiswahili chenyewe. Katika jukwaa ambalo kila lafudhi ni kabila, Kiswahili fasaha nacho kimegeuzwa kabila: ni cha mtu wa Pwani, mpole, mvivu kidogo, mwenye maneno matamu na safari zisizofika. Mtu wa bara akitaka kumwigiza huvuta irabu na kuongeza heshima nyingi. Hadhira hucheka, na haijiulizi kwamba inachocheka ni lugha ya taifa ikisemwa vizuri.

Mwaka 2020 maradhi ya korona yaliziondoa hadhira kumbini, na udhaifu wa umbo lile ukaonekana wazi: mwenyeji bila wageni, na simulizi bila vicheko vya waliokaa mbele. Waliostahimili vizuri zaidi walikuwa wale ambao hawakuhitaji ukumbi. Timothy Kimani, yaani Njugush, aliyepata kuigiza katika mchezo wa televisheni wa The Real Househelps of Kawangware, alikuwa amekwisha kujijengea watazamaji kwa michezo mifupi ya nyumbani iliyoonyeshwa katika simu, akiigiza na mkewe, Celestine Ndinda. Mume ni Mgikuyu, mke ni Mkamba, na ugomvi wao ni wa fedha, chakula, wakwe na uvivu. Kiswahili chao ni cha Nairobi, na kina mwanzo, mtego na aibu ya mwisho. Anayekumbuka sebule ya Mzee Ojwang na Mama Kayai hatahitaji kuelezwa michezo hiyo inakaa katika ukoo gani.